Hadithi, michoro na maigizo yanaingiaje kwenye falsafa ya watoto?

Mwambie mtu kwamba kuna watu wanafanya falsafa na watoto wa miaka sita, uone atakavyocheka. Falsafa si ile ya wazee wenye ndevu na vitabu vinavyowashinda hata waliosoma? Alafu ukiongeza kwamba wanatumia vikaragosi, michoro na maigizo, hapo anakuwa ameshapata jibu lake, ahaa kumbe ni michezo tu, mnawachangamsha watoto alafu mnaipa jina kubwa. Hizo ni shaka mbili tofauti, moja inasema mtoto hawezi, nyingine inasema sanaa inaipunguza falsafa makali, na watu wanazichanganya mpaka mada nzima inakuwa haieleweki.

Wa kulaumiwa kwa zote mbili ni Plato, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Kwenye kitabu chake cha Jamhuri anasema vijana wasipewe mapema ule ufundi wa kubishana kwa hoja, maana wakishauonja wanakuwa kama vitoto vya mbwa, kila anaesogea wanamrarua kwa maneno, na mwisho wa siku hawaamini chochote. Kwake yeye mtu angojee mpaka afike miaka 30 ndo aanze, tena afanye hiyo kazi tu kwa miaka 5. Humo humo kwenye kitabu hicho anawafukuza washairi kwenye mji wake kwa hoja kwamba wanaiga mambo yanavyoonekana badala ya ukweli wenyewe, na wanachochea hisia ambazo akili inatakiwa izitulize. Sawa mzee. Ila huyo huyo ndo katuachia wale wafungwa wa pangoni wanaodhani vivuli vya ukutani ndo dunia, katuachia yule mchungaji wa Lidia aliyeokota pete ya kumfanya asionekane, na karibu vitabu vyake vyote ni mazungumzo ya watu wenye majina na tabia, kuna anaenuna, kuna anaetania, kuna anaekumbuka ghafla kwamba ana haraka akaondoka zake. Yaani ni maigizo. Kawafukuza washairi huku kashika kalamu ya mshairi.

Karne kama tatu hivi baadae akaja Mrumi Lucretius, yeye akaiandika falsafa ya Mgiriki Epicurus kwa mashairi, zaidi ya mistari 7,000, na akaeleza kabisa kwa nini. Anasema matabibu wakitaka kumnywesha mtoto dawa chungu ya pakanga wanapaka asali kwenye mdomo wa kikombe, mtoto anafuata utamu, dawa inashuka, anapona. Ushairi ndo asali, falsafa ndo pakanga. Mfano mzuri sana na kwa maoni yangu umeleta hasara kubwa, kwa sababu mpaka leo ukiangalia miradi mingi ya kupeleka falsafa kwa watoto au kwa watu wa kawaida kwa njia ya sanaa, imejengwa juu ya hiyo asali. Mtaalamu ana wazo lake tayari, anamtafuta mchoraji au kikundi cha maigizo walipambe, watazamaji wanafurahi, wanaenda nyumbani. Wazo limebaki pale pale kwa mtaalamu. Asali imeliwa, pakanga imerudi na kikombe.

Mi nadhani sanaa ikifanya kazi vizuri haibebi wazo la mtu. Inakuletea tukio ambalo mawazo uliyonayo hayalitoshi, alafu inakuacha nalo.

Chukua lile fumbo la meli ya Theseus ambalo tunalipata kwa Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa zamani. Waathene waliitunza meli ya shujaa wao, kila ubao ukioza wanaweka mpya, mpaka ikafika watu wakaanza kubishana kama bado ni meli ile ile. Miaka mingi baadae, karne ya 17, Mwingereza Thomas Hobbes akaongeza chumvi, je kama kuna mtu alikuwa anaziokota zile mbao kuukuu moja moja akaziunga tena kwa mpangilio ule ule, sasa kuna meli mbili, ya Theseus ni ipi? Ukiwaelezea hivyo watoto wa miaka tisa wawili watatu watajibu, wengine wanaangalia dirishani. Sasa weka watoto watano mbele wanaimba wimbo mmoja, wape jina la kikundi. Kila baada ya ubeti mmoja anatoka, anaingia mwingine. Waliotoka wanajikusanya upande wa pili wa chumba bila kusema kitu, mpaka wa tano akifika na wao wanaanza kuimba wimbo ule ule. Kikundi ni kipi?

Hapo hakuna anaeangalia dirishani, kwa sababu yule aliyetolewa ana uchungu wake, atakwambia sisi ndo wenyewe, jina ni letu, na aliyepo jukwaani atakwambia nyie si mliondoka, kikundi hakikuvunjika hata dakika moja. Bila kujua wameshagawana misimamo miwili ambayo wanafalsafa wameigawana muda mrefu, kwamba kitu kinabaki kuwa kile kile kwa sababu ya kilichokiunda, au kinabaki kuwa kile kile kwa sababu hakijakatika njiani. Na tofauti na ubao wa meli, hawa wana sababu ya kujali jibu. Igizo hapo halijapamba fumbo, limeingiza ndani yake kitu ambacho maelezo ya mdomo hayakuwa nacho.

Shaka ya kwanza sasa, kwamba mtoto hawezi. Kwa muda mrefu watu waliegemea kwa Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi aliyepanga ukuaji wa akili ya mtoto kwa hatua, na kwenye mpangilio wake kufikiri kwa mambo ya kidhahania kunakuja kwenye miaka kama 11 au 12. Aliyemvaa Piaget kwa hoja ni Gareth Matthews, mwanafalsafa wa Marekani, kwenye kitabu chake cha mwaka 1980. Anaanza na mtoto wa miaka kama sita anaelamba lamba sufuria alafu anamuuliza baba yake, tutajuaje kwamba hivi vyote si ndoto? Hilo ni swali la Descartes, mwanafalsafa wa Ufaransa wa karne ya 17, na halikuja na kitabu wala mwalimu. Matthews anasema Piaget alikuwa anatafuta majibu yanayojirudia rudia kwa watoto wengi ili apate hatua zake, kwa hiyo jibu la ajabu, la mtoto mmoja tu, lilikuwa linaonekana ni kelele, wakati mara nyingi hilo hilo la ajabu ndo lilikuwa na falsafa ndani yake. Mimi nakubaliana nae, ila tusipitilize, mtoto kuuliza swali la Descartes haimaanishi anaweza kulifuata kwa hoja mpaka mwisho. Kuuliza anaweza mwenyewe. Kulifuata anahitaji wenzake, na anahitaji mtu wa kusimamia.

Na hilo ndo alilojaribu kulijenga Matthew Lipman. Alikuwa anafundisha mantiki chuo kikuu cha Columbia, New York, akaona wanafunzi wanafika chuoni wakiwa wameshachelewa kujifunza kufikiri kwa mpangilio, na zile vurugu za wanafunzi na uongozi za mwaka 1968 zikamthibitishia. Akaandika riwaya ya watoto, Harry Stottlemeier's Discovery, akaijaribu shuleni Montclair, jimbo la New Jersey mwaka 1970, na mwaka 1974 taasisi yake ya falsafa kwa watoto ikaanzishwa huko huko Montclair, akawa anafanya kazi na Ann Margaret Sharp. Riwaya inaanza na Harry darasani akili imeruka, mwalimu anauliza kitu gani kina mkia mrefu na kinalizunguka jua kila baada ya miaka 76, Harry anabahatisha, sayari! Darasa linacheka. Baadae anakaa anajiuliza kosa liko wapi, si walisema sayari zote zinalizunguka jua? Anagundua sentensi ya "zote" ukiigeuza haibaki kweli, sayari zote zinalizunguka jua lakini sio kila kinacholizunguka jua ni sayari. Anajiona kapata kanuni, anamwambia mwenzake Lisa, Lisa anampa sentensi moja tu, hakuna tai ambae ni simba, hebu geuza. Hakuna simba ambae ni tai. Bado kweli! Kanuni imetoboka, inabidi waitengeneze upya wakiwa wawili.

Hiyo kurasa chache imebeba mbinu nzima, unapendekeza, mwenzako anatoa mfano unaoipinga, unarekebisha, na hakuna mtu mzima aliyetoa jibu. Lakini kama hadithi, tuseme ukweli, ni kavu. Watoto wake wanaongea kama wanafalsafa wadogo. Alafu Lipman alikuwa hataki picha kwenye vitabu vyake, hoja yake ni kwamba ukimchorea mtoto unamfanyia kazi ambayo kichwa chake kilitakiwa kiifanye chenyewe. Hoja nzito hiyo, sio ya kuipuuza.

Waliokuja baada yake wengi hawakumfuata kwenye hilo. Karin Murris mwaka 1992 alitoa kitabu cha kutumia vitabu vya picha vya watoto, vile vya kawaida vilivyopo dukani ambavyo havikuandikwa kwa ajili ya falsafa, na Thomas Wartenberg wa chuo cha Mount Holyoke, Marekani, akawa anawapeleka wanafunzi wake wa chuo kwenye shule za msingi na vitabu vya aina hiyo. Kimoja anachokitumia ni cha Arnold Lobel, Frog and Toad Together cha mwaka 1972, chura wawili marafiki, Frog na Toad. Kwenye hadithi mojawapo wana biskuti tamu na hawawezi kuacha kula. Wanajaribu kujizuia, wanaziweka kwenye boksi, wanalifunga kwa kamba, wanaliweka juu kabisa kwa ngazi, na kila mara mmoja anamkumbusha mwenzake kwamba ngazi si ipo, kamba si inakatika. Mwisho Frog anawapa ndege biskuti zote. Sasa hatuna biskuti ila tuna nguvu ya kujizuia tele, anasema, na mwenzake anamjibu kaa nayo yote hiyo nguvu yako, mimi naenda nyumbani kuoka keki.

Je walijizuia? Kama hakuna cha kula, unajizuia na nini? Mtu aliyeitupa simu yake mtoni ana nidhamu kuliko anaeiacha mezani? Aristotle, mwanafunzi wa Plato, ana kurasa nzima juu ya mtu anaejua kabisa kilicho bora alafu anafanya kingine, na hizo kurasa zinasumbua wasomi mpaka leo. Lobel kafikisha kitu hicho hicho kwa vyura wawili, na ona alichofanya mwishoni, hakusema nani yuko sahihi. Yule wa keki anabaki na hoja yake. Angemalizia kwa kusema "basi watoto, tuwe na kiasi" hadithi ingekufa pale pale.

Na hapa ndo adui mkubwa wa hii kazi anapokaa, sio ugumu wa falsafa wala udogo wa watoto, ni lile swali tunalolipenda mno watu wazima, hadithi hii inatufundisha nini? Mtoto akilisikia tu anajua jibu unalo wewe mfukoni, kwa hiyo anaacha kufikiria hadithi anaanza kukufikiria wewe. Atakwambia tusiwe walafi, tupendane, tuwatii wakubwa, utampigia makofi na hakuna aliyefikiri hata kidogo. Kwa hiyo wanaofanya kazi hii vizuri wanapindua utaratibu, hadithi ikisomwa au igizo likiisha, maswali wanauliza watoto wenyewe. Yanaandikwa ubaoni jina la aliyeuliza pembeni (Lipman aliusisitiza huu utaratibu, mtoto akiona swali lake limeandikwa na jina lake analichunga kama mali), kisha wanachagua moja la kulijadili. Mwezeshaji anabaki na vijineno vyake vichache, kwa nini unasema hivyo, kuna mtu ana mfano unaokataa, hiki alichosema huyu kinaendana na cha yule? Na kunyamaza. Kunyamaza ndo kunakoshinda wengi, ukimya wa sekunde kumi tu mtu mzima keshaanza kujibu mwenyewe. Jingine dogo linaloharibu ni kusema "vizuri sana" baada ya jibu, maana aliyefuata ameshajua upepo unaelekea wapi.

Lakini isieleweke kwamba kila jibu ni sawa. Hii nayo nimeiona sana, mtu anaogopa kuhubiri basi anaangukia upande wa pili, kila mtu ana maoni yake, asanteni sana, kwaherini. Kama mtoto amesema kikundi ni wale wenye jina alafu dakika mbili baadae akasema jina halina maana, lazima aulizwe, hizo mbili zinakaaje pamoja. Bila hapo hakuna falsafa, kuna zamu ya kuongea.

Kwenye michoro na sanaa za kutazama mambo yako tofauti kidogo, kwa sababu kuna kazi ambazo zenyewe ndo swali. Mwaka 1917 Marcel Duchamp alipeleka kwenye maonyesho New York kifaa cha chooni cha wanaume kukojolea, kakilaza, kakisaini "R. Mutt", kakiita Chemchemi. Maonyesho yalitangaza kwamba kila msanii aliyelipa ada atapokelewa, ila hicho hakikuwekwa ukumbini. Mwaka 1929 René Magritte akachora kiko, kiko safi kabisa, chini yake akaandika kwa Kifaransa kwamba hiki si kiko. Mtoto mdogo anakuelewa haraka kwenye cha Magritte, atakwambia kweli sio, huwezi kukivuta, na ukimuuliza sasa ni nini atasema picha ya kiko, sawa, alafu muulize kama ukimchora mtu asiyekuwepo duniani hiyo ni picha ya nani, hapo mtakaa. Ya Duchamp inafaa zaidi kwa wakubwa kwa sababu inahitaji mtu awe ameshazoea kwamba kitu kikiwa ukumbini wa maonyesho kinaheshimiwa. Mtoto hajakizoea hicho, kwake ni choo tu na anaona mnachekesha.

Tukija kwa watu wazima, mtu ambae mi namuona alifika mbali zaidi ni Augusto Boal, muongozaji wa maigizo wa Brazil. Anasimulia kwamba akiwa Peru miaka ya 1970, kikundi chake kiliigiza mkasa wa mwanamke aliyedanganywa na mumewe, na watazamaji walikuwa wanaruhusiwa kusema mhusika afanye nini, waigizaji wanajaribu. Mama mmoja akasema mume aambiwe waongee waelewane waziwazi, wakaigiza, akasema hapana sio hivyo, wakarudia, hapana, mpaka Boal akamwambia basi panda mwenyewe uonyeshe. Akapanda, na "kuongea waziwazi" kwake ilikuwa kumshukia yule mwigizaji kwa fimbo ya ufagio kwanza. Kutoka hapo ikazaliwa aina ya igizo ambalo linachezwa mara moja mpaka mwisho mbaya, alafu linachezwa tena na mtazamaji yeyote anaweza kusema simama, akachukua nafasi ya mhusika, akajaribu njia yake, na waigizaji wengine wanamjibu kama maisha yanavyojibu. Ukisema "ningekuwa yeye ningekataa", haya, njoo ukatae tuone. Hoja inapimwa mbele ya watu. Baadae Boal alichaguliwa diwani Rio de Janeiro, mwaka 1993 hadi 1996, akatumia maigizo hayo kukusanya mapendekezo ya sheria kutoka kwa wananchi, na 13 zikapita.

Mtu atauliza, hiyo si siasa? Ni siasa, na ni falsafa pia, swali la haki ni nini Plato mwenyewe alilianza kwa watu kubishana nyumbani kwa mtu. Paris nako mwaka 1992 mwanafalsafa Marc Sautet alianzisha mijadala ya falsafa Jumapili asubuhi kwenye mgahawa wa Café des Phares, uwanja wa Bastille, anaingia anaetaka, ikaenea nchi nyingi. Yeye hakutumia sanaa, na nadhani ndo maana mijadala ya aina hiyo mara nyingi inaishia kwa wale wanaopenda kuongea. Igizo au filamu inampa kila mtu kitu kimoja alichokiona kwa macho yake, hata asiyesoma chochote ana pa kuanzia.

Je inasaidia? Hapa watu wanadanganyana sana. Uingereza mwaka 2015 ilitoka tathmini ya programu ya falsafa kwa watoto kwenye shule za msingi 48, watoto zaidi ya 3,000, ikaonekana waliosoma falsafa wamepiga hatua kama miezi miwili zaidi kwenye kusoma na hesabu, na hiyo namba imezunguka kila mahali. Kinachozunguka kidogo ni kwamba ulipofanyika utafiti mkubwa zaidi, majibu yalitoka 2021, hayakuonyesha faida kwenye kusoma. Mi binafsi hainisumbui, kwani nani alisema sababu ya kujiuliza kama dunia ni ndoto ni ili upate alama za hesabu? Ila mwenye mradi asiendelee kuinukuu ile ya kwanza peke yake kwa wafadhili, sio vizuri.

Ninaloliona gumu zaidi ni watu wazima, sio watoto. Mtoto akibanwa na mfano unaopinga anasema aah kweli, anabadili. Mtu mzima anatetea. Na waandaaji wanazidisha tatizo, igizo likiisha tu taa zinawashwa, meza inaletwa, wanakaa profesa na muongozaji, na wa kwanza kushika maiki ni profesa, anaeleza igizo lilimaanisha nini. Baada ya hapo hata ukiomba maswali utapata ya kumuuliza yeye tu. Ukiandaa kitu kama hiki muweke profesa nyuma kabisa bila maiki, nusu saa ya kwanza watu waulizane wao kwa wao kuhusu walichokiona, yeye awe anaandika, na akipewa nafasi aanze na lile swali ambalo wamelishindwa.